Kutafuta Kasoro: Kompyuta ya Darubini

Bila shaka umewahi kuona kurunzi isiyowaka. Je, kasoro iko katika balbu au katika betri? Utajuaje?

Mwaka 2021 wanasayansi wa Marekani walikutana na tatizo la namna hiyo. Darubini iitwayo Hubble huizunguka dunia, kilomita zipatazo 500 juu yetu, ikipiga picha za nyota. Vyombo vyake vya uchunguzi huongozwa na kompyuta. Tarehe 13 Juni kompyuta hiyo ilisimama, na uchunguzi ukakoma. Mafundi hawakuweza kuifikia darubini. Walituma amri kwa redio.

Waliwasha kompyuta ya akiba. Nayo ilishindwa vilevile. Hivyo wakatambua kwamba huenda kasoro haikuwa katika kompyuta. Wakakishuku kifaa kinachoipatia kompyuta umeme wa volti 5. Volti zikizidi au zikipungua kuliko inavyotakiwa, kinga ya kifaa hicho huisimamisha kompyuta.

Tarehe 15 Julai waliwasha kifaa cha akiba cha umeme. Kompyuta ikafanya kazi! Kisha wakavirudisha vyombo kazini kwa uangalifu. Tarehe 17 Julai uchunguzi wa nyota ulianza tena.

Kumbuka: badilisha sehemu moja, tazama matokeo, ndipo ubadilishe nyingine.

Maswali
1. Kushindwa kwa kompyuta ya akiba kuliwafundisha nini mafundi?
2. Ukibadilisha balbu na betri za kurunzi kwa pamoja, nayo ikawaka, je, utajua kasoro ilikuwa wapi? Eleza.