Kufundisha Jinsi Bakteria Wanavyostahimili Chumvi

Katika madarasa mengi ya shule za msingi, somo la kuhifadhi vyakula hufungwa kwa sentensi moja: "Chumvi huua vijidudu." Wanafunzi huinakili, huikariri, na huirudisha katika mtihani kama walivyopewa. Sentensi hiyo ni fupi na nyepesi kukumbukwa, lakini ina upungufu mkubwa. Aghalabu chumvi humzuia bakteria asikue, bila kumwua. Tena wako bakteria wanaomudu kuishi ndani yake. Mtoto aliyeamini sentensi ile aweza kudhani kwamba samaki wa chumvi aliyeshikwa kwa mikono michafu hawezi kumdhuru mtu. Hivyo kosa la ubaoni laweza kuishia jikoni.

Makala hii yakusudia kumpa mwanachuo mambo mawili: maarifa yatakayomtosha yeye mwenyewe, na njia ya kuyafikisha kwa wanafunzi wa madarasa ya juu bila kuwatwisha majina magumu.

Maji na chumvi

Tuanze na jambo ambalo kila mtoto ameliona. Vitunguu vya kachumbari vikinyunyiziwa chumvi hutoa maji na kulegea. Tulitazame jambo hilo kwa jaribio. Kata vipande viwili vya kiazi mbatata, kila kimoja kiwe na urefu wa sentimita 5 na unene wa kidole. Kimoja kitie katika bilauri ya maji matupu. Cha pili katika bilauri ya maji yaliyokorogwa na vijiko vitatu vya chumvi. Baada ya saa moja wanafunzi wavipime na kuvipinda. Cha kwanza kitakuwa kigumu. Cha pili kitakuwa kimelegea.

Mwalimu asiharakishe kutoa jibu. Aulize kwanza: maji ya kiazi cha pili yamekwenda wapi? Wanafunzi wakisha kujadiliana, ndipo aeleze kwamba utando wa seli hupitisha maji kwa urahisi kuliko chumvi, na kwamba maji huelekea upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka. Hiyo ndiyo osmosisi. Bakteria naye ni seli, ingawa ni mdogo mno. Yule aitwaye Escherichia coli, akaaye matumboni mwetu, ana urefu wa kiasi cha sehemu 2 katika sehemu 1,000 za milimita. Akitumbukia katika maji ya chumvi hupoteza maji kama kiazi kile, na kazi za ndani ya seli yake hupungua au kusimama. Hapo ndipo chumvi inapohifadhi chakula.

Jinsi bakteria anavyojiokoa

Ikiwa chumvi haikuzidi mno, bakteria huyu hasalimu amri. Kinga yake huja kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni ya dakika chache. Katika utando wake mna protini zilizo kama malango, nazo huingiza potasiamu kwa wingi. Pamoja na potasiamu seli hulimbikiza glutameti, ili chaji za umeme zilingane. Vitu vilivyoyeyuka vikiongezeka ndani, maji huanza kurudi. Lakini potasiamu nyingi mno huvuruga kazi za protini, kwa hiyo dawa hii ni ya muda tu.

Hatua ya pili huhitaji jeni zifanye kazi. Seli hutengeneza sukari iitwayo trehalosi, na huongeza protini za kuchukua betaini na prolini kutoka nje. Betaini hupatikana katika mimea mingi. Vitu hivi ni vipole: hushikilia maji ndani bila kuzisumbua protini. Jeni za mojawapo ya vichukuzi hivyo, kiitwacho ProU, kwa kawaida hufanya kazi kidogo sana. Chumvi ikizidi, kazi yake yaweza kupanda hadi kiasi cha mara 100. Betaini ikisha kuingia ya kutosha, seli huiacha potasiamu itoke, na trehalosi hupungua.

Na mvua ikinyesha, maji yakawa matamu ghafula? Hapo hatari hugeuka: maji huingia kwa nguvu, na seli yaweza kupasuka. Utando unapovutika, milango maalumu hufunguka na kumwaga nje sehemu ya vitu vilivyolimbikizwa.

Jeni hupataje habari?

Escherichia coli ana jeni zipatazo 4,300. Tumfananishe na fundi cherehani mwenye karatasi za vipimo vya nguo za kila namna. Hashoni nguo zote kila siku. Shule zikikaribia kufunguliwa hutoa karatasi ya sare, na karatasi ya kanzu huirudisha sandukuni. Kadhalika jeni ni maelezo tu. Protini ndiyo nguo iliyoshonwa. Wafaransa François Jacob na Jacques Monod walieleza mwaka 1961 jinsi jeni za bakteria zinavyofunguliwa na kufungwa, na mwaka 1965 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na André Lwoff.

Katika habari ya chumvi upo mfano ulio wazi. Katika utando wa ndani wa bakteria huyu mna protini iitwayo EnvZ, ambayo ni mlinzi. Chumvi inapozidi, EnvZ hubandika fosfeti juu ya protini ya pili iitwayo OmpR, ambayo ni tarishi. Tarishi huenda kushika DNA karibu na jeni mbili, ompF na ompC, ambazo hutoa protini zenye matundu za utando wa nje. Tarishi wenye fosfeti wakiwa wachache, ompF hufanya kazi. Wakiwa wengi, ompF hufungwa na ompC huongezeka, na tundu la ompC ni jembamba zaidi kidogo.

Kuigiza darasani

Majina haya ni ya mwalimu. Mwanafunzi hahitaji kuyakariri. Lililo muhimu kwake ni mfuatano: hali hubadilika, mlinzi hutambua, tarishi hupeleka habari, jeni hufunguliwa au kufungwa. Mfuatano huu waweza kuigizwa. Mwanafunzi mmoja asimame mlangoni awe mlinzi. Watano wawe matarishi. Wawili wakae mbele wawe jeni, mmoja wa tundu pana na mwingine wa tundu jembamba. Mwalimu akitangaza "chumvi kidogo", mlinzi ampe tarishi mmoja tu kipande cha karatasi, na jeni ya tundu pana isimame. Akitangaza "chumvi nyingi", wote watano wapewe karatasi. Jeni ya tundu pana ikae, ya tundu jembamba isimame. Kisha mlinzi aondolewe, na darasa liulizwe nini kitatokea.

Katika kueleza, tujihadhari na maneno kama "bakteria anaamua" au "bakteria anataka". Mlinzi na tarishi ni mifano tu. Bakteria hana akili ya kupanga. Protini zake hubadilika umbo, na badiliko moja huleta jingine. Mwalimu asipolisema hili waziwazi, mfano utageuka kuwa imani.

Tahadhari ya jikoni

Wako bakteria wanaostahimili chumvi kuliko Escherichia coli. Staphylococcus aureus, ambaye hukaa puani na ngozini mwa watu wengi wenye afya, hukua hata katika maji yenye gramu 75 za chumvi kwa lita, yaani zaidi ya maradufu ya chumvi ya bahari. Akipata chakula na joto, huweza kutoa sumu ambayo haiharibiki kwa urahisi hata chakula kikipikwa. Basi samaki wa chumvi hana budi kukaushwa vema na kushikwa kwa mikono safi. Kwa sababu hiyo hiyo, mwalimu asioteshe bakteria darasani. Kiazi na maigizo vyatosha.

Maswali ya kupima

1. Kwa nini kiazi kilicho katika maji ya chumvi kimelegea?
2. Bakteria huingiza nini kwanza ili maji yarudi, na kwa nini hawezi kukitegemea siku zote?
3. Kwa nini si kweli kwamba chumvi huua vijidudu vyote?

Mwanafunzi akilijibu swali la tatu kwa maneno yake mwenyewe, somo limefaulu. Mahali pa sentensi ile ya zamani ubaoni na paandikwe hii: "Chumvi huzuia bakteria wengi wasikue, lakini wengine huistahimili, usafi na ukaushaji bado vyahitajika." Ni ndefu kidogo, lakini ni ya kweli, na mtoto aweza kuipeleka nyumbani.