Ploti ya Dunga na tetemeko la 5.9

Swali: Nina ploti karibu na ziwa, Dunga, Kisumu. Tetemeko kama lile la Bukoba la 2016, la 5.9, likitokea karibu nasi, ardhi itahimili nyumba?

Jibu: Hiyo 5.9 hupima ukubwa kwenye chimbuko, si mtikisiko utakaofika kwako. Wahandisi hupima kilele cha mchapuko wa ardhi, lakini kilele peke yake hudanganya. Mchanga mlegevu uliojaa maji unaweza kustahimili pigo moja kali. Ukitikiswa mfululizo, shinikizo la maji kati ya chembe hupanda mpaka mchanga unakuwa uji, na nyumba inazama upande. Ndiyo maana Arturo Arias wa Chile alipendekeza, mwaka 1970, kipimo kinachojumlisha mtikisiko wote, mwanzo hadi mwisho. Mimi hukiamini zaidi.

Kama chini ya ploti yako ni udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa tambarare ya Kano jirani na Kisumu, hauwi uji hivyo, ila unaweza kukuza mtikisiko.

Ili kujua una udongo gani na umeshikana kiasi gani, mtafute mhandisi wa udongo atoboe ardhi na kuhesabu mapigo ya nyundo yanayohitajika kuzamisha bomba la kupimia sentimita 30. Anayechimba mita moja na nusu tu, usimlipe: mchanga mlegevu unaweza kuwa chini zaidi.