Bei Nafuu Hulipwa na Nani?

Katika milima ya Upare, huko Mamba na Miamba wilayani Same, tangawizi ni zao la fedha. Wauzaji wakiwa wengi, kila mmoja hupunguza bei ili mnunuzi amjie yeye kwanza. Je, ni vibaya? Hatusemi hivyo. Bali yatupasa tuulize: upungufu huo hulipwa na nani?

1. Majirani wachangiao nauli ya gari moja hupunguza gharama, kisha huuza kwa bei nafuu. Hiyo ni haki yao, hakuna aliyedhulumiwa.

2. Tajiri auzaye kwa hasara ili mwenzake afunge duka, kesho atapandisha bei, nao wanunuzi watamlipa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yamkataza mwenye nguvu sokoni kuitumia nguvu hiyo kuua ushindani.

3. Ajazaye gunia lumbesa hutaja bei ile ile, kumbe ameuza rahisi kuliko jirani. Hasara ni yake mwenyewe. Na jirani naye hulazimika kumfuata. Dawa yake ni mizani.

Basi, kabla ya kushusha bei, na tumtambue kwanza atakayeilipa.