Mgeni Katika Halka ya Dhikri: Somo kwa Atakaye Kuingia Tarikani

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wake, na jamaa zake na sahaba zake, yampasa msomaji ajue ya kwamba tasaufi si dini ya pili kando ya dini. Katika hadithi mashuhuri ya Jibrili, Mtume aliulizwa khabari za Islamu, na Imani, na Ihsani. Mafakihi wameeleza la kwanza, wanachuoni wa tauhidi wameeleza la pili, na masufi wameshughulika na la tatu, nalo ni ibada ya mja ajuaye kuwa hapo aliposimama yu mbele ya Mola wake.

Tarika zilizoenea katika pwani hii ni kadha wa kadha. Kadiria yanasibishwa na Sheikh Abdulkadir al-Jilani, aliyefariki Baghdad mwaka 561 wa Hijra, yaani 1166. Na mmoja wa waliyoieneza huku ni Sheikh Uwesi bin Muhammad wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909. Shadhilia ilienezwa na Sheikh Muhammad Maarufu wa Ngazija, aliyefariki mwaka 1905. Na huko Bagamoyo alikuwako Sheikh Yahya bin Abdallah, ajulikanaye kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Yeye aliletwa utumwani kutoka Manyema angali mtoto, kisha akasoma hata akawa shekhe wa kufuatwa. Katika hayo mna ibra kwa mwenye kujivunia nasaba.

Ama mgeni aingiaye katika halka mara ya kwanza, mfano wake ni mtu huyu. Alikuwa hana usingizi wala raha, akasikia kwamba dhikri hutuliza moyo, akaenda usiku wa kuamkia Ijumaa baada ya sala ya Isha. Alikuwa na udhu na kanzu safi, akavua viatu, akatoa salamu, akaketi palipo na nafasi. Pakafukizwa udi, ikasomwa Fatiha, wakataja tahlili polepole hali wamekaa. Kisha wakasimama bega kwa bega, mchukuzi na mwenye duka, wakataja Jina tukufu, na sauti zikashuka vifuani hata hazikusikika ila pumzi. Wengine walilia. Mgeni akangoja naye yamfikie yaliyowafikia wenziwe, lakini hakuona kitu ila uchovu wa miguu.

Watu walipokwisha kunywa kahawa wakatawanyika, yeye akabaki. Akasema, "Shekhe wangu, nimekuja kutaka ijaza. Lakini naogopa moyo wangu umekufa, kwani wenzangu wamelia nami sikulia."

Khalifa akamwuliza, "Ulipofumba macho, mwanangu, ulikumbuka nini?"

Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Minazi kumi na miwili."

"Ya nani?"

"Ya watoto wa marehemu ndugu yangu. Mwaka wa tatu sasa naangua nazi, nauza mbata, na shemeji yangu sijampa hesabu."

Khalifa akasema, "Basi moyo wako haukufa. Maiti hakumbuki deni. Nenda ukalipe, kisha urudi."

"Nipe uradi kwanza, Shekhe, unitie nguvu za kulipa."

"Uradi haulipi deni, mwanangu. Nikikushika mkono leo, utapata raha ya uwongo, na mayatima watabaki na njaa ya kweli."

Mtu yule akaondoka kwa uchungu, akidhani amefukuzwa. Hata asubuhi akaenda kwa shemeji yake, akairudisha minazi mbele ya mashahidi, na fedha alizokula zikahesabiwa. Hakuwa nazo zote. Akaomba muhula, akapewa, akawa akilipa kidogo kidogo. Alipomaliza akarudi kwa khalifa, naye hakumwuliza neno, akampokea mkono.

Basi msomaji asidhani khalifa alizua sharti jipya. Wanachuoni wameeleza ya kwamba toba ina nguzo tatu: kuacha dhambi, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Na ikiwa dhambi yahusu haki ya mwanadamu, huzidi ya nne, nayo ni kuirudisha haki kwa mwenyewe, au kumwomba asamehe. Na toba ndiyo mlango wa tarika. Asiyepita mlangoni hakuingia nyumbani.

Faida za somo hili ni tatu. Ya kwanza, mgeni asipime dhikri kwa machozi, kwani huenda machozi yakaja na haki za watu zingali mkononi. Ya pili, linalomjia mtu moyoni wakati wa dhikri asilipuuze, huenda ndilo dawa aliyoijia. Ya tatu, shekhe wa kufuatwa ni yule amrudishaye mtu kwenye sharia, si yule amfunguliaye njia ya kuikimbia.

Wallahu aalam.