SOMO: MAFAILI YA CHAMA YAKAE KATIKA MASHINE MBILI

Somo hili ni kwa kamati za matawi zilizoacha daftari na kuanza kutunza kumbukumbu ndani ya kompyuta. Orodha ya wanachama, stakabadhi za michango, kilo za chai alizochuma kila mtu na barua za malalamiko, yote yamo humo. Mwajiri anapopinga kiinua mgongo cha mtu aliyefanya kazi miaka 20, mwenye karatasi ndiye mwenye nguvu mbele ya mwamuzi. Faili likipotea, haki ya mtu imo mashakani.

Kwanza tuelewe mpango wenyewe. Badala ya kila katibu kutunza mafaili kwenye kompyuta yake, huwekwa mashine moja ya wote, iitwayo seva, iliyounganishwa na nyingine kwa waya. Ndani yake kila mtu ana folda yake, kama kabati lenye kufuli. Mweka hazina akikaa kwenye kompyuta yoyote ya ofisi, akitaja jina na neno lake la siri, hukuta mafaili yake yakimngoja. Njia hiyo, iitwayo NFS, ilianzia kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka 1984, na mpaka leo inatumika, tena bure katika mashine za Linux. Lakini hapo ndipo hatari ilipo: seva ikizimika, ofisi nzima imekaa mikono mitupu.

Kinga ya kwanza ni diski. Diski huchakaa kama beringi ya mashine kiwandani. Kwa hiyo seva hufungwa diski mbili zinazoandikwa jambo lile lile kwa wakati mmoja. Diski mbili za terabaiti 4 zitakupa nafasi ya 4, si 8, na wapo watakaosema ni hasara. Moja ikifa, kazi inaendelea. Fundi huweka mpya, nayo hunakiliwa upya. Kwa mwendo wa megabaiti 150 kwa sekunde, kujaza terabaiti 4 huchukua saa 7 na zaidi, na saa zote hizo mnategemea diski moja. Ndiyo maana ya akiba inatakiwa iwe kabatini tayari, isingoje kikao cha kupitisha fedha. Tena awepo mtu wa kukagua kila wiki, kwani diski moja ikifa kimya hakuna anayeona chochote mpaka ya pili ife.

Kinga ya pili ni seva ya pili. Programu iitwayo DRBD, iliyoingizwa katika Linux mwaka 2010, hupeleka kila kinachoandikwa kwenye seva ya kwanza hadi ya pili. Ikipangwa kwa uangalifu, haisemi "tayari" mpaka zote mbili zimekwisha andika. Ya kwanza ikianguka, ya pili huchukua anwani yake ya mtandao, na makatibu wanaona tu kazi imesita kidogo.

Hapa kuna mtego. Waya kati ya seva hizo ukikatika, kila moja hudhani mwenzake amekufa, na zote zinajifanya mwenyekiti. Michango inaandikwa huku, wanachama wapya kule, na waya ukiunganishwa tena hakuna mashine inayoweza kuamua lipi la kweli. Dawa yake sisi wa vyama tunaijua: akidi. Huwekwa mashine ya tatu, hata ndogo ya bei rahisi, ambayo haitunzi mafaili, kazi yake ni kupiga kura tu. Seva isiyopata kura 2 kati ya 3 hujiuzulu.

Jambo jingine: NFS ya kawaida humtambua mtu kwa namba, si kwa jina. Kama namba 1001 ni ya mweka hazina kwenye mashine moja na ya karani kwenye nyingine, karani atafungua mafaili ya fedha bila kuvunja kufuli. Namba ziwe zile zile kila mahali, kama za kadi za uanachama.

Sasa naomba mnisikilize vizuri kuliko kote. Seva mbili si nakala ya akiba. Mtu akifuta faili kwa bahati mbaya, limefutika kote kuwili papo hapo. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Wapo wateja ambao nakala zao za akiba zilikuwa katika jengo lile lile, zikaungua pamoja. Desemba ya mwaka huo Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kilifutiwa terabaiti 77 za mafaili, na kilichofuta ni programu yenyewe ya kunakili, iliyokuwa na hitilafu.

Kwa hiyo kila usiku nakala ipelekwe kwenye diski ya nje, na kila Ijumaa diski moja ihamishwe ikakae tawi jingine. Ifungwe kwa neno la siri, maana majina ya wanachama mikononi mwa mwajiri mbaya ni orodha ya watu wa kufukuzwa. Nakala za nyuma zisifutwe haraka. Faili lililoharibika leo huenda likagunduliwa mwezi ujao. Na kila mwezi kamati ichague faili moja, ilirudishe kutoka kwenye diski hiyo na kulisoma.

Tawi lisilo na fedha za kutosha lianze na diski hiyo ya nje. Seva ya pili huokoa saa za kazi, diski iliyo mbali huokoa mafaili yenyewe. Seva ya pili ingoje bajeti ya mwaka ujao, na ikinunuliwa isichomekwe kwenye soketi moja na ya kwanza.