Mafunzo ya Jahazi Lililopandishwa Pwani

Watu wengi wa Machakos hulijua jahazi kwa picha tu, likiwa limetweka tanga baharini. Lakini chombo kikiwa nchi kavu ndipo kionekanapo chote, tangu mkuku hata mlingoti. Kwa hiyo familia ya bara iendayo Mombasa yafaa izuru jahazi lililopandishwa pwani kutengenezwa.

Wakamba si wageni wa njia hiyo. Katika karne ya 19 misafara yao ilichukua pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani, na huko zilipakiwa majahazini kupelekwa Arabuni na Bara Hindi. Vyombo vilikuja kwa pepo za kaskazi, kati ya Desemba na Machi, vikarudi kwa kusi. Siku hizi safari ya kwenda pwani ni nyepesi: reli iliyofunguliwa mwaka 2017 ina kituo Athi River, katika Kaunti ya Machakos.

Ili kupandisha chombo, mabaharia hungoja bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yajaapo sana. Chombo husogezwa ufuoni, na maji yakipwa hubaki mchangani, kikiegemezwa kwa gadi, ndiyo miti minene iwekwayo ubavuni. Hapo mafundi hukipara uchafu wa bahari, hutia pamba yenye mafuta katika nafasi za mbao, kazi iitwayo kalafati, kisha hupaka chini shahamu iliyochanganywa na chokaa.

Umuhimu wa kazi hiyo waonekana katika mfano huu. Familia moja ya Machakos ilifika ufuoni. Baba alimwomba nahodha ruhusa, wakakaribishwa, wakavua viatu, wakapanda ngazi. Lakini kabla ya kupanda, mtoto mdogo alikuwa amevuta uzi wa pamba uliotokeza ubavuni. Kipande cha urefu wa kiganja kilitoka, naye akakificha mfukoni.

Juu ya sitaha fundi mzee aliwaonyesha ngama, mahali pakusanyikapo maji ya chini.

“Maji hayabishi hodi,” alisema. “Yakipata tundu dogo, huingia usiku watu wamelala.”

Mtoto alinyamaza kitambo, kisha akaitoa ile pamba.

“Babu, nisamehe. Nimeitoa mimi.”

Baba alikunja uso, lakini fundi alimzuia. “Mwache, bwana. Angalinyamaza, habari hii tungaliipata tukiwa kilindini.”

Wakashuka wote. Fundi akaziba mahali pale kwa patasi na nyundo, na mtoto akamshikia pamba mpaka kazi ikaisha.

Mkulima wa Machakos aelewa jambo hili bila kufundishwa sana. Katika milima yake amechimba matuta kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, naye ajua kwamba tuta likibomoka mahali pamoja, maji hupitia hapo hapo na kuharibu shamba zima. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na baharini hakuna nafasi ya kujenga ukuta.

Basi wazazi wawakumbushe watoto mambo matatu: waombe ruhusa kwanza, wasiguse gadi wala kusimama chini ya ubavu ulioinama, na wakiharibu kitu waseme upesi. Kosa lililosemwa ufuoni hutengenezwa kwa pamba kidogo. Lililofichwa huenda likagharimu maisha ya mabaharia.