Binti wa miaka 9 ameanza kuota matiti

*Daktari, binti yangu ana miaka 9, mnene kuliko wenzake, na matiti yameanza kuchomoza. Shangazi zake wanasema chipsi zimemkomaza. Je, atavunja ungo mapema mno?*
*Mama M., Dodoma*

Mama M., pole kwa maneno ya mawifi. Matiti kuanza kati ya miaka 8 na 13 ni kawaida, na hedhi hufuata baada ya miaka miwili hivi au zaidi.

Unene unachangia, kweli. Mafuta ya mwili hutoa homoni ya leptini, inayoujulisha ubongo kwamba akiba ya nguvu inatosha balehe kuanza. Ndiyo maana wanene mara nyingi hutangulia, na waliokonda sana huchelewa. Ila urithi nao una nguvu: wewe ulivunja ungo lini?

Akikubali, mguse chini ya chuchu. Kitufe kigumu ni titi. Ulaini mtupu huenda ni mafuta tu.

Usimnyime chakula wala kumtania. Punguzeni soda na vya kukaanga nyumba nzima, aruke kamba na wenzake. Mweleze habari za hedhi sasa, kabla haijamshtua.

Mpeleke hospitali ikiwa dalili zilianza kabla ya miaka 8, mabadiliko yanakwenda mbio, au anaumwa kichwa mara kwa mara na kuona ukungu.